Maumivu ya taya: sindano zisizo na hesabu zinatoboa mfuko wa mhami

Mtu anayetaka kupanda motari kutoka Sake hadi Goma huuliza bei kabla ya kukaa. Mama anayenunua mafuta ya mawese sokoni huangalia kipimo kabla ya kutoa franka zake. Katika likelemba kila mwanachama anajua zamu yake, na anajua siku ambayo mzunguko utaisha. Lakini mtu huyohuyo akiumwa taya, akasikia kwamba sindano za Kichina zinaponyesha, anaketi, anachomwa, analipa, anaambiwa arudi kesho kutwa, na hakuna anayemwambia mambo hayo yataisha lini.

Kuuliza "mara ngapi?" si kukosa adabu mbele ya mganga. Tiba ya sindano kwa maumivu ya taya, ile wataalamu wanayoiita akupunktura, ina hesabu yake, na hesabu hiyo ni fupi. Anayekataa kuitaja kabla ya sindano ya kwanza hafai kulipwa sindano ya pili. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu anayeumia zaidi katika biashara isiyo na hesabu ni yule aliyefika mjini na gunia moja mgongoni.

Taya linavyouma

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya sikio, upande wa kuume na upande wa kushoto. Mtu akiweka vidole hapo na kufungua kinywa, atakisikia kikitembea. Ndani yake mna kipande laini kinachotenganisha mfupa wa taya na mfupa wa kichwa, na kando yake kuna misuli yenye nguvu ya kutafuna. Misuli hiyo ikichoka, au kiungo kikivimba, maumivu hupanda hadi kwenye panda za kichwa, huingia sikioni, hushuka shingoni. Kinywa hulia "ko, ko" kikifunguka. Wengine hudhani ni sikio. Wengine hung'olewa jino zima lisilo na kosa, na maumivu hubaki palepale.

Sababu ni nyingi: ajali, kipigo usoni, ugonjwa wa viungo, kutafuna vitu vigumu kwa muda mrefu. Lakini sababu mojawapo inayojulikana vizuri ni kukaza meno, mchana au usingizini, na hofu huongeza tabia hiyo. Mtu aliyekimbia risasi Masisi au Rutshuru, Djugu au Fizi, akalala chini ya turubai au kwenye sebule ya familia iliyompokea, hulala mwili wote ukiwa umekazwa. Kila kishindo usiku anakisikia. Meno yanasagana bila yeye kujua. Asubuhi anaamka taya likiwa zito kama la mtu aliyetafuna mawe, na chakula kinachomngoja ni mahindi makavu ya kuchemsha.

Hapo ndipo swali la hesabu linapokuwa zito. Sindano inaweza kulegeza msuli kwa siku kadhaa. Haiwezi kumrudisha mtu kwenye shamba lake, wala kunyamazisha bunduki. Ikiwa kinachokaza meno ni hofu inayorudi kila usiku, maumivu nayo yatarudi, na anayeuza sindano atakuwa amepata mteja wa maisha.

Hesabu yenyewe

Hakuna namba moja inayowafaa wagonjwa wote. Hata hivyo, wanaofanya kazi hii kwa uaminifu hawatofautiani sana. Kwa maumivu ya taya, kikao huwa mara moja kwa wiki, au mara mbili kama maumivu ni makali. Kila kikao huchukua dakika 20 hadi 30. Mpango mzima huwa wa vikao 6 hadi 10, sio zaidi. Mwishoni, kama mgonjwa amepata nafuu, vikao hutenganishwa: kimoja baada ya wiki mbili, kingine baada ya mwezi, kisha basi.

Katikati ya mpango huo lazima kuwe na kipimo. Baada ya kikao cha nne, mgonjwa na mganga wakae waulizane kama kuna kilichobadilika. Kikifika kikao cha sita bila mabadiliko yoyote, kazi isimame. Mwili uliokaa kimya kwa sindano sita hauna deni la kuongezewa nyingine ishirini.

Kipimo hakihitaji mashine. Kwanza, vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete, vikisimamishwa wima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima, kwa kawaida, huviingiza vyote vitatu vyake mwenyewe, karibu milimita 40. Aliyeanza na vidole viwili na baada ya wiki nne bado ana viwili, ajue alipo. Pili, namba ya maumivu: sifuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika. Iandikwe kwenye daftari siku ya kwanza na kila wiki, si kukumbukwa kwa kichwa, maana mtu aliyelipa hupenda kuamini kwamba amepona. Tatu, jambo moja la kila siku: je, anaweza sasa kula bugali na sombe bila kushika shavu? Je, analala bila kuamshwa na maumivu?

Nguvu ya hesabu hii inaonekana kwenye mfuko. Vikao 6 ni safari 12 za motari, kwenda na kurudi, na nusu siku 6 zisizo na kazi. Vikao 30 ni safari 60. Hapo bado haijatajwa bei ya sindano. Kwa mama anayeishi kwa kufulia watu nguo au kubeba mizigo sokoni, safari 60 ni karo ya mtoto, ni unga, ni turubai jipya. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye kiti cha sindano zisizo na hesabu, haba na haba humwaga kibaba.

Utafiti unasema nini

Wapo wanaosema sindano za Kichina ni uchawi tu na anayezitumia ni mjinga. Hao nao wanakosea, na kelele zao hazimsaidii mgonjwa.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 kuhusu akupunktura ilitaja maumivu ya uso na ya kiungo cha taya miongoni mwa yale ambayo tiba hiyo ilionekana kuyasaidia. Mwezi Desemba 2023, jarida la udaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa kimataifa juu ya maumivu sugu ya taya, uliotengenezwa na madaktari, watafiti na wagonjwa wenyewe. Akupunktura imo humo. Lakini inafaa kusoma imewekwa wapi. Imewekwa katika kundi la mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyajaribu, kwa pendekezo dhaifu. Kundi la pendekezo lenye nguvu lina mambo mengine: mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kukandwa misuli na mtu anayejua, kusaidiwa kubadili mawazo na mazoea yanayochochea maumivu, na maelezo mazuri pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani.

Mwongozo huohuo unakataza kwa nguvu operesheni ya kuondoa kile kipande laini cha ndani ya kiungo, na unakataza vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha meno moja kwa moja. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa achague kati ya sindano chache na kisu, sindano chache ni afadhali. Lakini mazoezi na maelezo yanatangulia sindano, na hayo ndiyo yasiyo na tangazo.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1998 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza sindano ya kujifanya. Ncha yake ni butu. Ikisukumwa, inarudi ndani ya mpini wake, na mgonjwa anahisi kama amechomwa. Tangu hapo imewezekana kulinganisha waliochomwa kweli na waliodhani wamechomwa. Katika maumivu ya aina nyingi, makundi yote mawili hupata nafuu, na tofauti kati yao mara nyingi ni ndogo. Hii haina maana kwamba wagonjwa wanadanganya. Ina maana kwamba kulala kimya dakika 20, kusikilizwa, na kutumaini, navyo ni sehemu ya dawa. Lakini kitu chenye faida ndogo hakiuzwi kwa bei ya kitu kikubwa, wala hakiuzwi bila mwisho.

Maneno ya wanaouza

Anayeuza vikao visivyo na mwisho ana majibu yake, na yanafaa kupimwa moja baada ya jingine.

La kwanza: "Wachina wametumia sindano hizi kwa zaidi ya miaka elfu mbili." Ni kweli ni tiba ya kale, na mwaka 2010 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini huko kwao wanahesabu. Desturi yao ni kupanga tiba kwa mafungu, mara nyingi vikao kumi kwa fungu moja, kisha mapumziko, kisha kuangalia kama fungu jingine linahitajika. Huko vikao vinaweza kuwa karibukaribu, hata kila siku, lakini fungu lina mwisho. Anayetaja mababu wa China aanze kwa kufuata daftari lao.

La pili: "Maumivu yamerudi kwa sababu umeacha." Maumivu ya taya hupanda na kushuka yenyewe. Wiki ya habari mbaya kutoka kijijini hupanda. Wiki ya utulivu hushuka. Mtu huenda kwa mganga siku yanapokuwa makali kabisa, kwa hiyo hata asipofanyiwa lolote, wiki inayofuata huenda ikawa afadhali. Kama nafuu inadumu siku mbili tu kila baada ya kikao, miezi mitatu mfululizo, hiyo si tiba. Ni kukodi nafuu kwa siku.

La tatu: "Wewe una ugonjwa mgumu, unahitaji vikao vingi zaidi." Ugonjwa mgumu ni sababu ya kutafuta daktari wa meno au hospitali kuu ya rufaa. Anayeona ugonjwa umemshinda halafu anaongeza idadi ya malipo, anatibu mfuko wake.

La nne ni la wagonjwa wenyewe: "Mganga amenisaidia, naona haya kumuuliza." Heshima kwa mganga ni kitu kizuri, hasa mbele ya mtu mzima. Lakini hata mzee anaulizwa kwa adabu: "Baba, kazi hii itachukua vikao vingapi, na tutajuaje kama imefaulu?" Mganga mwema hukasirishwa na mgonjwa asiyerudi kueleza hali yake. Hakasirishwi na anayeuliza.

Sindano ni ya nani?

Kama hesabu ya vikao ni jambo la mfuko, hesabu ya sindano ni jambo la uhai. Kila kikao cha ziada ni ngozi kutobolewa tena, mara sita, mara kumi. Katika nchi hii hakuna anayepaswa kukumbushwa maana yake.

Mwaka 1976, huko Yambuku, wakati nchi ikiitwa Zaire, Ebola ilijulikana kwa mara ya kwanza. Watu 318 walipatwa na 280 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba sindano chache zilitumika kwa wagonjwa wengi bila kusafishwa ipasavyo, na hivyo ndivyo ugonjwa ulivyopitia mlango wa tiba. Miaka arobaini na miwili baadaye, mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukafika Ituri, uliua zaidi ya watu 2.200 kabla ya kumalizika Juni 2020. Huko Beni na jirani zake, vituo vidogo vya kibinafsi vinavyochanganya tiba za kienyeji na za kisasa vilikuwa mojawapo ya njia za maambukizi, na watoto walikuwa kati ya waliopatwa humo. Huko Ulaya na Marekani pia, sindano za akupunktura zilizorudiwa kwa wagonjwa tofauti zimewahi kueneza homa ya ini aina ya B.

Kwa hiyo masharti ni machache na hayana mjadala. Sindano iwe mpya, ndani ya pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa. Mganga anawe mikono. Zikiingia kumi, zitoke kumi, zihesabiwe kwa sauti. Zikitoka, ziende kwenye boksi la vitu vya ncha kali, zisirudi kwenye sahani. Kumwagia sindano pombe kali au kuipitisha kwenye moto wa mshumaa si kuisafisha. "Hizi ni zako, nitakuwekea kwa kikao kijacho" ni sentensi ya kumfanya mgonjwa achukue viatu vyake na kuondoka.

Mama mjamzito aseme kwamba ni mjamzito kabla ya kuketi, hata kama mimba ni changa. Wanaojua kazi hii huepuka sehemu fulani kwa wajawazito, mojawapo ile iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo hutumika sana kwa maumivu ya uso. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda naye aseme. Na mtu mwenye njaa asichomwe, maana njaa na sindano pamoja humwangusha mtu. Hilo la mwisho, kwa familia zinazokula mara moja kwa siku, ni sharti la kila kikao.

Taya ambalo si la sindano

Kuna mataya ambayo hata kikao kimoja ni kingi. Kosa kubwa la biashara hii, kupita pesa, ni kumkawiza mgonjwa.

Taya linalokaza na kushindwa kufunguka siku chache au wiki chache baada ya jeraha la panga, msumari, mti au risasi, hata jeraha lililokauka, linaweza kuwa pepopunda. Mara nyingi taya ndiyo dalili ya kwanza. Baadaye shingo hukaza, mgongo hupinda, pumzi hukatika. Mtoto mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza kisha akashindwa kufungua kinywa na kunyonya, naye ni hivyohivyo. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Chanjo ipo, na mama hupewa katika kliniki ya wajawazito, ile inayoitwa CPN.

Shavu lililovimba pamoja na homa mara nyingi ni jino lililooza hadi kwenye mfupa. Linahitaji daktari wa meno na dawa ya kuua vijidudu. Kinywa kilichobaki wazi baada ya kupiga miayo, kikakataa kufungika, ni taya lililotoka mahali pake. Hurudishwa kwa mikono ya mtu aliyefundishwa. Mtoto dhaifu mwenye kidonda cha ufizi kinachonuka, na shavu linaanza kubadilika rangi, huenda ana noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache na ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Na mtu mzima mwenye maumivu ya taya pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi, tatizo lake huenda liko moyoni.

Anayechoma sindano bila kuuliza kwanza habari za jeraha, homa, jino na kifua, hajui anachokitibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mgonjwa hakuficha kitu. Hakuulizwa.

Dawa isiyolipiwa

Watu wengi wenye maumivu ya taya hupata nafuu bila operesheni na bila sindano, kwa mambo ambayo hayana bei. Ndiyo maana hayatangazwi.

Meno yaachane. Mtu asipokula wala kuzungumza, midomo iwe imefungwa, ulimi ukipumzika nyuma ya meno ya juu, meno ya juu na ya chini yasigusane. Kila anaposikia redio ikitaja saa, ajikague: je, meno yamekazwa? Ayaachie, ashushe mabega, atoe pumzi polepole. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kiwekwe shavuni dakika 15, asubuhi na jioni. Chakula kiwe laini kwa wiki mbili tatu: uji, maharagi yaliyoiva sana, ndizi za kupika, sombe iliyotwangwa vizuri. Mahindi ya kuchoma, miwa na shikleti vingoje. Anayepiga miayo aweke ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke kupita kiasi. Asilalie shavu linalouma.

Kisha mazoezi: ulimi ukiwa umegusa juu ya kinywa, kinywa kifunguliwe taratibu hadi mahali ulimi unapotaka kuachia, kifungwe, mara sita, na zoezi lirudiwe mara kadhaa kwa siku. Misuli ya mashavu na ya panda za kichwa ikandwe kwa ncha za vidole, kwa mviringo, dakika chache. Hii nayo inapimwa kwa vidole vitatu na kwa daftari, wiki nne hadi sita. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zisimezwe tumbo likiwa tupu, wala na mjamzito, wala kwa miezi bila ushauri wa muuguzi.

Na hofu itajwe kwa jina lake. Mama anayesaga meno kila usiku kwa sababu ya aliyoyaona njiani anahitaji mtu wa kumsikiliza kuliko sindano ya kumi na tano. Baadhi ya senta za afya na vikundi vya akina mama vina watu waliofundishwa kazi ya kusikiliza. Kwenda kwao si wazimu.

Akifanya haya yote wiki sita bila nafuu, na ana uwezo, na amempata mtu mwenye sindano safi, ajaribu vikao sita. Sita, kisha ahesabu.

Wenye jukumu

Mgonjwa peke yake hawezi kubeba mzigo huu. Daktari mkuu wa kila zoni ya afya ana wajibu wa kutembelea vituo vyote vilivyo kwenye eneo lake, vya serikali na vya kibinafsi, na chumba cha sindano za Kichina ni kituo kama kingine. Aulize zinakotoka sindano na zinakotupwa. Kinachofungwa kwa kukosa karatasi lakini kikafunguliwa wiki inayofuata baada ya mazungumzo ya pembeni, bora kisingefungwa. Kimefundishwa tu kwamba uchafu una bei.

Redio za mitaa nazo zijitazame. Tangazo linalosema "maumivu yote yanaisha" halafu linataja namba ya simu linalipiwa, hilo linaeleweka. Redio ina jenereta na jenereta inakunywa mafuta. Lakini wasikilizaji wanaoamini redio wakati inapowaambia barabara ipi ni salama, wataiamini pia inapowaambia wakachomwe. Kipindi kinachopokea pesa za tangazo kiweke sharti moja: mtangazaji ataje hewani idadi ya vikao, bei ya vyote pamoja, na siku ambayo mgonjwa asiyepona ataambiwa aache. Asiyeweza kuyataja hayo matatu hewani hawezi kuyataja chumbani.

Wachungaji, maimamu, wakuu wa mitaa na marais wa kamati za wahami wana kazi nyepesi zaidi. Kabla ya kumpeleka mtu kwa mganga wa sindano, wamuulize: umeambiwa mara ngapi? Kama jibu ni "hadi nitakapopona," basi hakuna aliyemwambia kitu.

Mhami amekwisha kuvumilia mambo mengi yasiyo na tarehe. Hajui lini atarudi nyumbani, hajui lini msaada utafika, hajui lini barabara itafunguliwa. Hayo mganga wa sindano hawezi kumjibu. Lakini idadi ya vikao anaijua, au alipaswa kuijua. Aiseme kabla ya kufungua pakiti.